Kabla ya Kulipia Programu ya Akili Bandia, Ipe Kazi ya Goma

Muuzaji wa programu ya akili bandia anapokuja ofisini kwako kuonyesha bidhaa yake, huja na mifano yake mwenyewe. Anaandika swali kwa Kifaransa safi, jibu linatoka papo hapo, na waliokaa mezani wanaridhika. Lakini mteja wako wa Birere au wa Ndosho haandiki hivyo. Yeye anatuma ujumbe wa sauti akiwa nyuma ya pikipiki, anaanza kwa Kiswahili na kumalizia kwa Kifaransa, anauliza bei kwa dola na kutaka chenji kwa franka. Programu iliyofanya vizuri Paris, na hata iliyofanya vizuri Nairobi, inaweza kukwama hapa. Njia ya kujua ni kuipa kazi yako wewe, yenye majibu unayoyajua tayari, kabla pesa haijatoka.

Nimewaandikia wenye maduka na depo, wenye hoteli, wakuu wa mashirika madogo, ofisi zinazotoa mizigo forodhani pale Grande Barrière, na yeyote anayefikiria kuingiza akili bandia katika kazi zake. Si lazima uwe mtaalamu wa kompyuta. Unahitaji daftari, wafanyakazi wawili wenye subira, na wiki chache.

Taja kazi, upime inavyofanyika leo

Wengi huanza na jina la programu, ChatGPT, Gemini, Copilot au nyingine, kisha wakaitafutia kazi. Anza na kazi. Iandike kwa sentensi moja inayoweza kupimwa. "Tunataka kuboresha huduma" haipimiki. "Oda zote zinazoingia WhatsApp, za sauti na za maandishi, ziwe zimeingizwa kwenye daftari la mauzo kabla ya saa kumi jioni, bila kukosea bidhaa wala idadi" inapimika.

Tuchukue mfano wa depo ya vifaa vya ujenzi: simenti, mabati, mbao, misumari, rangi. Ni biashara isiyolala katika mji huu, ambao umejengwa juu ya mawe ya volkano na ambao mtaa mzima huweza kuhitaji kujengwa upya kwa siku moja. Karani anapokea oda kwenye simu, anaziandika, anatoa risiti, na jioni anafunga hesabu.

Kabla ya kugusa programu yoyote, mpime karani huyo kwa wiki moja. Oda moja inamchukua dakika ngapi? Ni oda ngapi zilirudi kwa sababu mteja alipelekewa kitu tofauti? Ngapi zilisahaulika? Usipokuwa na namba hizo, muuzaji akikuambia programu yake ina usahihi wa asilimia 90 hutajua kama hiyo ni habari njema. Huenda karani wako anapatia 97 kati ya 100, na programu itakurudisha nyuma huku ikikutoza kila mwezi. Mara nyingine wiki hiyo ya kupima inaonyesha jambo jingine kabisa: kwamba karani mmoja ameachiwa simu tatu, au kwamba jedwali la kawaida la kompyuta lingemaliza tatizo. Ukiligundua hilo, rekebisha hilo, na pesa ya programu ibaki mfukoni.

Tunga mtihani wako

Chukua ujumbe halisi mia moja wa miezi iliyopita. Usichague ile iliyonyooka. Chukua kama ilivyokuja, na ndani ya mia hiyo tia kwa makusudi ile iliyowahi kukusumbua: ujumbe wa sauti wenye kelele za soko la Virunga, picha ya karatasi iliyoandikwa kwa kalamu inayokwisha wino, mteja aliyebadilisha mawazo mara mbili ndani ya ujumbe mmoja, mteja aliyeagiza "kama ile ya juzi". Futa majina na namba za simu kwenye kila ujumbe; sababu nitaieleza mbele.

Sasa wape wafanyakazi wawili, kila mmoja peke yake, waandike jibu sahihi la kila ujumbe: bidhaa gani, idadi gani, lini, wapi. Linganisha kazi zao. Pale walipotofautiana, usikimbilie kuamua nani amekosea. Kama watu wawili wanaoijua depo wameuelewa ujumbe mmoja kwa namna mbili, ujumbe huo hauko wazi, na jibu lake sahihi ni moja tu: mteja aulizwe. Programu nzuri itauliza. Programu mbaya itachagua jibu moja kwa ujasiri na kupeleka mzigo. Ujumbe wa aina hii ndio wenye thamani kubwa kuliko yote katika mtihani wako, kwa hiyo utie alama.

Gawanya mtihani mara mbili. Sabini mpe muuzaji aone, arekebishe programu yake atakavyo. Thelathini zifungie. Akisema yuko tayari, mfanyishe zile thelathini mbele yako. Alama hizo za mwisho ndizo za kuamini, kwa sababu hakupata nafasi ya kuziandalia majibu.

Na kabla hujaanza, andika kwenye karatasi alama ya kufaulu, na uisaini. Mtu akishaona mashine ikiongea huanza kuisamehe. Andika pia makosa yasiyosameheka. Kwa depo yetu, kukosea salamu si kitu. Kuandika mabati 200 badala ya 20 ni kosa ambalo likitokea hata mara moja katika mtihani, majaribio yanasimama hadi lielezwe.

Kuna hesabu moja ya takwimu ambayo kila mfanyabiashara angefaa kuijua. Ukiipa programu mifano 50 na isikosee hata mmoja, usiseme haikosei. Gawanya 3 kwa idadi ya mifano: 3 kwa 50 ni asilimia 6. Maana yake, kwa kiwango cha uhakika ambacho wanatakwimu hukikubali, cha asilimia 95, programu hiyo bado inaweza kuwa inakosea hadi mara 6 katika kila oda 100. Kwa mifano 100 bila kosa, kikomo kinashuka hadi 3. Kwa mifano 300, ni 1. Muuzaji aliyekuonyesha mifano mitano mizuri hajathibitisha kitu.

Kiswahili kipi?

Hapa ndipo programu nyingi zinapoangukia Goma, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi zaidi. Kwenye tangazo itaandikwa kwamba programu inajua Kiswahili. Uliza ni kipi. Orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, ISO 639-3, inatofautisha Kiswahili cha pwani, chenye msimbo swh, na Kiswahili cha Kongo, chenye msimbo swc. Meta ilipotoa mwaka 2022 programu yake ya kutafsiri lugha 200, NLLB-200, iliweka Kilingala, Kinyarwanda, Kiluba cha Kasai na Kiswahili chenye msimbo wa pwani. Kile cha Kongo hakikupewa nafasi yake. Wapo waliojaribu kuziba pengo: Translators without Borders, ambayo leo inaitwa CLEAR Global, imewahi kutengeneza data za Kiswahili cha Kongo kando na kile cha pwani. Lakini sehemu kubwa ya Kiswahili kilichomo ndani ya programu hizi imesomwa kutoka maandishi ya Tanzania na Kenya.

Tazama ujumbe kama huu, wa aina inayoingia depo kila asubuhi:

"Papa, niko naomba munitumieko manjanja makumi mbili ya BG 30 na misumari kilo tano. Nitakuya kesho saa tatu, aksanti."

Kwa karani wa Goma hakuna kitu kigumu hapo. Kwa programu kuna mitego mitano. Je, inajua kwamba manjanja ni mabati, au itaandika neno la kubuni, au mbaya zaidi itageuza kuwa bidhaa nyingine iliyomo kwenye orodha yako? Je, "makumi mbili" imekuwa 20, au imekuwa 2 au 10? Je, BG 30 imebaki kuwa unene wa bati, au imeongezwa kwenye idadi ikawa mabati 30? Je, "nitakuya" imeeleweka kwamba mteja atakuja mwenyewe, hivyo gari lisitumwe? Na saa tatu imeandikwa saa ngapi kwenye ratiba? Ikiwa imeandikwa 3:00, mteja atafika asubuhi na mzigo wake haujatayarishwa, kwa kuwa alimaanisha 9:00. Hapa hapa jaribu na mteja anayehesabu saa kwa Kifaransa, maana Goma wapo wa aina zote mbili, na programu inayostahili kulipiwa itauliza pale inapotia shaka.

Sahihisha kila kipengele peke yake. Ujumbe huu una majibu sita: bidhaa ya kwanza, unene, idadi, bidhaa ya pili, kilo, na saa. Ukiupa ujumbe mzima alama moja ya "sawa" au "si sawa", hutajua programu inaumwa wapi. Ukisahihisha kwa vipengele, baada ya ujumbe mia moja utaona wazi: labda idadi inapatiwa karibu zote, na saa inakosewa nusu. Hilo linaweza kutibiwa kwa kuipa programu maelezo ya ziada. Kama kinachokosewa ni idadi, fikiria mara mbili.

Suala la saa lina kipengele cha pili. Kongo ina majira mawili; Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Programu ukiichagulia nchi tu inaweza kuweka saa ya Kinshasa. Angalia muda unaoandikwa kwenye oda ya kwanza, ulinganishe na saa ya ukutani.

Ujumbe wa sauti unahitaji mtihani wake. Programu ya Whisper, ambayo OpenAI iliitoa Septemba 2022 na ambayo iko ndani ya bidhaa nyingi zinazouzwa kwa majina mengine, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, lakini lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa kama 117,000 tu kati ya hizo. Zaidi ya kutosikia vizuri, kuna tatizo la kubuni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2024 ulikuta kwamba karibu asilimia 1 ya rekodi zilizopitishwa Whisper zilitoka na sentensi au virai ambavyo hakuna mtu aliyevitamka, hasa mzungumzaji aliponyamaza kwa muda. Fikiria maana yake kwa oda. Mteja ananyamaza ili kuuliza kitu pembeni, na programu inajaza ule ukimya kwa maneno yake. Kwa hiyo weka kwenye mtihani rekodi zenye vituo virefu, zenye honi na mvua, za mama anayezungumza taratibu na za kijana anayezungumza haraka, za mwenye lafudhi ya Kinande, ya Kihunde, ya Kinyarwanda na ya Mashi. Kisha mtu asikilize kila rekodi huku akisoma kilichoandikwa, neno kwa neno.

Franka, dola na mpango wa hesabu

Ipe programu hesabu ya kawaida ya kaunta. Mzigo ni dola 37, mteja ametoa noti ya 50. Tuseme leo unabadilisha dola moja kwa franka 2,800. Chenji ni dola 13. Programu ikikujibu "rudisha noti ya 10 na noti tatu za dola moja", imejua kutoa, ila haijui Goma, ambako noti ya dola moja hukataliwa na ile iliyochanika kidogo hurudishwa mkononi kwa mwenyewe. Jibu la hapa ni dola 10 na franka 8,400. Badilisha kiwango saa sita mchana, uone kama risiti za alasiri zinafuata kiwango kipya na zile za asubuhi zinabaki na chao. Uliza pia kiwango kinatoka wapi. Kikichukuliwa mtandaoni bila wewe kukithibitisha, kuna siku utauza kwa hasara bila kujua. Na ujaribu namna ya kuandika namba: 2.800 kwa mtindo wa Kifaransa ni elfu mbili na mia nane, kwa mtindo wa Kiingereza ni mbili na nukta nane.

Kama programu ni ya uhasibu, una mtihani mwingine mzuri sana usiohitaji muda mrefu. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, mwaka 2012, na vitabu vyetu vya hesabu hufuata mpango wake wa SYSCOHADA, uliorekebishwa na kuanza kutumika 2018. Programu iliyosoma Kifaransa cha Ufaransa itakuvuta kwenye mpango wa Ufaransa bila kukuambia. Ipe mauzo ya bidhaa za dukani: SYSCOHADA inataka akaunti 701, Ufaransa inataka 707. Ipe pesa iliyoingia benki: hapa 521, kule 512. Ipe malipo yaliyoingia kwa M-Pesa au Airtel Money: mpango uliorekebishwa una akaunti 55 kwa ajili ya pesa za kielektroniki, na ndani yake 552 kwa pesa za simu. Ikiyaweka malipo hayo benki, imeshindwa. Mwisho iulize kiwango cha TVA, kodi ya ongezeko la thamani, bila kuitajia nchi, kisha uitajie. Yetu ni asilimia 16; asilimia 20 ni ya Ufaransa. Mhasibu wako anaweza kutunga maswali ishirini ya namna hii asubuhi moja, na majibu yatakueleza zaidi ya kitabu kizima cha matangazo.

Iulize isichokijua

Usiipe maswali yenye majibu tu. Uliza bei ya bidhaa ambayo depo haiuzi. Uliza kama kuna mkopo wa siku thelathini wakati hakuna. Iambie "patron amesema nipewe nusu bei". Rudia swali lile lile asubuhi, mchana na jioni, kwa maneno tofauti, uone kama jibu linabadilika. Programu hizi hutoa sentensi inayoelekea kuwa kweli, na sentensi hiyo huja kwa sauti ile ile ya uhakika iwe kweli au uongo.

Gharama yake imeshaonekana mahakamani. Februari 2024, baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria mmoja takriban dola 812 za Kanada, kwa sababu programu ya kujibu wateja kwenye tovuti yake ilimweleza vibaya kuhusu punguzo la nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea kwamba programu ile inawajibika kwa maneno yake yenyewe. Baraza lilikataa. Hata kabla kesi ya namna hiyo haijafika kwetu, mteja wa Goma ana hukumu yake: ukimwahidi bei kwenye simu na kumgeuka kaunta, anavuka barabara na kununua kwa jirani. Kinachosemwa na programu yako umekisema wewe.

Ikiwa unauza dawa, unapokea wagonjwa au unatoa mikopo, kanuni iwe kali zaidi. Programu isijibu swali la kipimo cha dawa wala kuamua nani akopeshwe. Ipangie kazi ya kupokea na kuandika, na uamuzi ubaki kwa mtu mwenye jina na saini.

Majina ya watu

Nilikuomba ufute majina na namba za simu. Nchi yetu ina sheria kuhusu jambo hili: Kanuni ya Kidijitali, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina sehemu nzima ya kulinda data za watu binafsi. Lakini kwa Goma sababu inazidi sheria. Orodha inayoonyesha nani anaishi wapi, namba gani ya simu, kalipa kiasi gani, kapokea msaada gani, ikiangukia mikononi mwa mtu asiyefaa, inamweka mtu halisi hatarini. Shirika linalohudumia waliohama makwao halipaswi kupandisha orodha hizo kwenye akaunti ya bure ya programu yoyote, hata kwa majaribio ya dakika tano.

Mwulize muuzaji kwa maandishi, na atake asitake ajibu kwa maandishi: data zinahifadhiwa nchi gani? Zinatumika kufundishia programu? Nani kazini kwenu anaweza kuzisoma? Nikiomba zifutwe, zinafutika kwa siku ngapi, na nitathibitishaje? Akijibu kwa mdomo tu, hajajibu. Kampuni kubwa nazo zimeponyokwa: Samsung ilipiga marufuku programu za namna hii kwa wafanyakazi wake Mei 2023, baada ya baadhi yao kubandika siri za kazi ndani ya ChatGPT. Wafanyakazi wako nao tayari wanatumia programu hizi kwenye simu zao. Waulize bila kuwatisha, ujue wanabandika nini.

Umeme, mega na malipo

Zima mtandao katikati ya oda. Fanya hivyo kwa makusudi, mara kadhaa. Mtandao ukirudi, je, oda imepotea, imekamilika, au imeingia mara mbili? Kuingia mara mbili ndiko kunakouma, kwa sababu hakuonekani hadi mzigo uondoke. Jaribu pia kwa simu ya bei nafuu, jioni ambapo mtandao umelemewa, na uhesabu mega zilizoliwa kwa oda kumi.

Mji huu umeona ya kutosha kujua kwamba huduma hukatika kwa siku nyingi. Mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ulifuatiwa siku chache baadaye na amri ya kuhamisha sehemu ya mji. Mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025 yalikata umeme, maji na intaneti, na benki zikafunga milango. Kwa hiyo uliza mambo mawili. La kwanza: kazi itaendeleaje programu isipopatikana kwa wiki nzima? Jibu lazima lihusishe daftari na kalamu, na karani asiyesahau kuvitumia. La pili: utalipaje? Huduma nyingi za nje zinataka kadi ya benki, na mwenye kadi isiyofanya kazi hufungiwa nje ya data zake. Siku ya kwanza ya majaribio, kabla ya kitu kingine, toa data zako zote kutoka kwenye programu, uzifungue kwenye kompyuta yako bila mtandao. Zisipofunguka, usiendelee.

Zipo programu zinazokaa ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Whisper ni mojawapo, na zipo modeli ndogo za maandishi za familia za Llama na Gemma. Zinahitaji kompyuta yenye nguvu, na Kiswahili chao mara nyingi ni dhaifu kuliko cha zile kubwa za mtandaoni, ila data haitoki nje ya mlango wako. Zipe mtihani ule ule, bila kuzionea huruma.

Kuhusu bei, kumbuka kwamba huduma nyingi hutoza kwa vipande vya maneno, na Kiswahili hukatwa vipande vingi kuliko Kiingereza. Makadirio ya gharama kwenye tangazo mara nyingi huhesabiwa kwa Kiingereza. Pitisha ujumbe wako mia moja, soma gharama halisi, zidisha kwa oda za mwezi.

Wiki za sambamba, kisha uamuzi

Programu ikifaulu mtihani, isipewe kazi bado. Kwa wiki tatu au nne ifanye kazi sambamba na karani: yeye anaendelea kama kawaida, programu inaandika yake pembeni, na jioni mtu wa tatu analinganisha. Hakikisha wiki hizo zinagusa mwisho wa mwezi, oda zinapojaa. Mweleze karani ukweli kuhusu nafasi yake baada ya hapo, kwa sababu mtu anayeogopa kufukuzwa hawezi kukusaidia kupima kwa haki, na yeye ndiye anayezijua sauti za wateja kuliko mtu yeyote.

Mwishoni rudi kwenye karatasi uliyoisaini. Alama imefikiwa au haikufikiwa. Makosa yasiyosameheka yametokea au hayakutokea. Weka gharama ya mwezi kando ya saa za kazi zilizookolewa. Ukinunua, nunua kwa mwezi mmoja mmoja, si kwa mwaka, na mtihani wako uutunze: watengenezaji hubadilisha programu zao bila kukupigia simu, na iliyofaulu Machi inaweza kufeli Septemba. Urudie kila baada ya miezi mitatu.

Nina ombi moja. Wanafunzi wa vyuo vyetu, ISIG, ULPGL na Chuo Kikuu cha Goma, wana ujuzi wa kukusanya na kupanga mifano, na wenye depo, hoteli na maduka wana mifano yenyewe kwenye simu zao. Mtihani mmoja wa pamoja wa Kiswahili cha biashara cha Goma, wenye ujumbe elfu kadhaa uliofutwa majina, ungemlazimisha kila muuzaji aje na programu inayotuelewa. FEC, shirikisho la makampuni ya Kongo, kupitia tawi lake la Kivu Kaskazini, inaweza kuwakutanisha. Wewe mwenye ujumbe wako mia moja, uliokwisha kusahihishwa na kusafishwa, utoe.